Niletee Mwili, Si Namba

"Mama Sindano, hivi wewe na kaka yako mmenyonya ziwa moja kweli?" Jirani alimuuliza hivyo siku kaka mtu alipoinama ili apite mlango wa duka la kushonea. Marehemu, aliyekalia mito miwili ndipo aifikie mashine, hakuinua kichwa. "Yeye alinyonya, shoga. Mimi nililiangalia tu."

Alizaliwa tarehe 9 Agosti 1969, nyumba za nyuma ya stesheni, mtoto wa pili wa fundi reli. Alisoma hadi darasa la saba, miaka yote dawati la mbele, maana nyuma hakuonekana. Mwaka 1986 shangazi yake alimfundisha cherehani, na tangu hapo alishona sare za shule. Mteja akimtajia vipimo kwa simu, jibu lilikuwa moja: "Mama, usiniletee namba, niletee mwili."

Mwaka 1994 aliolewa na seremala, ambaye alimtengenezea kiti kirefu cha kushonea. Hakukikalia hata siku moja. Alisema kinamtukana.

Mwaka jana kaka yake, dereva wa malori, alipigwa picha ya moyo. Mshipa mkuu utokao moyoni ulikuwa na upana wa sentimita nne. Daktari akamwambia, "Kwa mwili wako, si neno." Akarudi nyumbani anacheka: "Sentimita nne si neno!" Yale maneno matatu ya mwanzo aliyaacha hukohuko.

Januari mwaka huu marehemu akaanza kubanwa kifua. Naye akapigwa picha, naye akakuta nne. Akamshukuru Mungu, akaitia bahasha ya majibu kabatini bila kurudi kwa daktari. Shule zilikuwa zinafunguliwa, na sare zinangoja.

Juni maumivu yakahamia mgongoni. Daktari wa moyo aliitazama picha, akaitazama miguu yake inayoning'inia kitandani.

"Nani alikwambia hii ni salama?"

Kaka alikuwa ameegemea ukuta.

"Mshipa huu huendana na mwili, mama. Kwa bwana huyu, nne ni yake. Kwako umetanuka, unaweza kuchanika. Na hali hii huweza kurithiwa."

Marehemu akamgeukia kaka yake. "Kumbe nilivaa koti lako." Kaka akalia. Yeye akamshika mkono, na hakumlaumu hata kidogo.

Upasuaji ulipangwa wiki iliyofuata. Mshipa haukungoja. Ulichanika Jumapili asubuhi, tarehe 22 Juni 2025.

Ameacha mume, kaka, wana wawili wa kiume ambao wamepimwa na wako salama, na kitindamimba wake, binti aliyechukua kimo cha mama yake chote. Binti amepangiwa kupimwa Jumatatu. Hadi karatasi hii inachapwa, jibu lake ni lilelile: "Niacheni, sitaki kujua." Leo amekaa mstari wa mbele, karibu na mjomba wake.

Mwenyezi Mungu ampokee mja wake, ampumzishe pasipo na maumivu.

Jumamosi ile, siku moja kabla hajatutoka, alimwita kaka yake karibu na kitanda, akamwomba hivi:

"Kaka, mpeleke mwanangu akapimwe. Akigoma, mbebe, si mzito. Na wakikupa namba, usiondoke. Waulize kwanza: kwa mwili wake?"