Saa za Ukutani na Fomu ya Binti

Benchi letu limeegemea kibanda cha Fundi Saa, na juu ya vichwa vyetu zinaning'inia saa za wateja, zote zimeshapona, zinasubiri wenyewe. Mchana ule mimi nilikuwa nashona soli, Mama Kahawa amekalia ndoo yake, na Fundi Saa ameshika fomu kutoka shule ya binti yake. Serikali inataka kila mtoto asome lugha moja ya ng'ambo. Mzazi achague, fomu ifike shuleni siku ile kabla ya saa nane mchana, na asiyeirudisha, mtoto wake atapangiwa popote penye nafasi. Fundi alikuwa nayo tangu juzi. Huyo binti ndiye mtoto wake wa pekee, na tangu mama yake afariki wanaishi wawili tu. Nilimwonea huruma.

Mkasi, kinyozi wa mlango wa pili, ndiye aliyeanza.

— Weka alama kwenye Kichina, yaishe. Hata mashine yangu ya kunyolea inanguruma Kichina.

— Halafu aende huko? — Fundi akauliza.

— Aende, ndiyo! Wamesema watoto wawe watu wa dunia. Wewe unataka awe mtu wa benchi?

— Nataka kujua nikimpigia simu nitamkuta macho au amelala.

Hapo Stempu akaweka kikombe chini. Huyu mzee alipanga barua posta miaka thelathini, na nchi zote anazijua kwa stempu zake.

— Hilo ndilo la kuuliza, mwanangu. Nishushie hiyo saa ya duara.

Akazungusha mishale taratibu, kichwa kimeinama.

— Uchina sasa ni jioni. Binti yako ametoka kazini. Anavuka daraja, taa zimeanza kuwaka, zinaonekana majini.

Wallahi, tulimwona.

— Amekula? — Mama Kahawa akauliza.

— Anaenda kula.

— Peke yake?

Stempu akachukua kikombe chake. Fundi akairudisha saa ukutani, mishale ikiwa bado kwenye saa za Uchina.

— Hapana. Nipe pengine.

— Kihispania, — Mkasi akasema, naye keshashusha nyingine. — Kule ng'ambo ya bahari kubwa bado hakujakucha. Amelala, dirisha wazi, anaota. Na anaota kwa Kihispania!

— Na mimi nimo kwenye ndoto?

— Umo. Umesimama mlangoni, unatabasamu.

— Nasema nini?

— Husemi kitu, kaka. Huelewi.

Fundi akatazama vidole vyake. Mkasi mwenyewe alijuta, nilimwona, akajitia kupangusa kioo cha ile saa.

— Basi Kijapani, — Mama Kahawa akasema, anammiminia Fundi kikombe kingine. — Wale wanainamiana tu. Atakupigia simu, mtainamiana kila mtu kwake, mtakuwa mmesemezana.

— Kwenye simu, mama?

— Utajua tu kwamba ameinama. Wewe ni baba yake.

Saa ya tatu ikashuka. Ya Kifaransa ikafuata, ya Kirusi ikafuata, kila moja na chumba chake, na binti ndani yake akichana nywele, akifungua barua, akicheka na watu tusiowajua. Mkasi akasimama kabisa.

— Mnajua nini? Asome zote! Atakuwa kila mahali kwa pamoja. Fundi ataamka, atatazama ukuta, saa yoyote atakayoigeukia, mtoto yumo!

Wazo lile lilimwingia Fundi. Akacheka, mara ya kwanza siku ile, akaanza kuzungusha mishale ya saa zilizobaki kwa mikono miwili. Hata mimi nikaacha soli, nikazungusha moja. Kahawa ikaisha bila mtu kuona.

Ndipo binti akatokea, sare ya shule, viatu vimejaa vumbi, anahema.

— Shikamooni.

— Marahaba, — tukaitikia.

— Mwalimu ameniruhusu niifuate fomu. Sasa ni saa ngapi?

— Wapi? — Stempu akauliza.

— Hapa.

Tukatazama ukuta. Jioni, alfajiri, usiku, asubuhi. Mkasi akapapasa mfuko, simu kaiacha kwenye chaji nyumbani, na sisi wengine hatukuja nazo. Fundi Saa hajawahi kuvaa saa maisha yake yote. Aliikunjua fomu, ikiwa tupu kama ilivyokuja, akaitoa kalamu sikioni.

— Chagua mwenyewe, mama. Halafu ukimbie.

Binti akaiweka fomu gotini, hakufikiri hata kidogo, akatia alama, akaikunja na kukimbia.

— Umeona alipoweka? — Mkasi akamnong'oneza Fundi.

— Sikuona.

Mama Kahawa akamwambia Fundi arudishe mishale ya saa za watu kwenye saa ya hapa. Fundi akanyanyua mkono mpaka kwenye ile ya duara, akaushusha.

— Ngoja kwanza aje aniambie, — akasema. — Nisije nikaigeuza ile aliyomo yeye.