Sylvanus Shikanga na Njia ya Mlimani

Padre, wazee wa ukoo, majirani, na nyinyi mliotoka mbali: aliyelala mbele yetu ni mdogo wangu, Sylvanus Shikanga. Mimi ni Pascalia Muhonja, dada yake mkubwa. Nimepewa kazi ya kusoma maisha yake, na haya ninayosoma ndiyo yaliyochapishwa kwenye karatasi mlizoshika. Wapo walioniomba niruke sehemu fulani. Sitaruka.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 hapa Shinyalu, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Muhalia na marehemu Mama Rosa Mmbone. Miguu yake iliamka mapema kuliko akili. Mama akiwa na mboga jikoni na chumvi imekwisha, hakumtuma mwingine sokoni ila Sylvanus. Siku moja alirudi upesi mno, mama akamsifu mbele yetu sote, kisha akanyoosha mkono apokee chumvi. Kijana alikuwa ameiacha dukani pamoja na chenji. Tulikula mboga hivyo hivyo, na baba alicheka hadi akaacha kula.

Alisoma shule ya msingi hapa Shinyalu kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1970. Hakuwa wa kwanza darasani, na sitawadanganya eti alikuwa. Alichopenda ni mbao. Alijifunza useremala Kisumu, akafanya kazi ya mikono miaka mingi, na mwaka 1983 akaajiriwa kufundisha useremala katika chuo cha ufundi cha Sigalagala. Alifundisha huko hadi ugonjwa ulipomzuia. Viti vingi mlivyokalia leo vilitoka katika karakana yake. Vinavyoyumba ni vya wanafunzi.

Tarehe 16 Desemba 1978 alifunga ndoa kanisani na Selpher Naliaka, binti wa Lugari. Mungu aliwajalia watoto watatu: Milcah, Elvis na Tevin. Alikuwa baba mpole. Kwa Selpher hakuwa na siri isipokuwa moja, nayo nitaifikia.

Wengi wenu mlimjua kwa mbio. Kila mwisho wa Desemba vijana wa kanisa letu huandaa mbio za mlimani: wakimbiaji hutoka sokoni Shinyalu, hupita msituni, hupanda ule ukingo wa Nandi hadi juu kabisa, kisha hurudi kwa njia ile ile. Mwaka 1986 marehemu alimaliza kwa saa tatu na dakika nne. Hakuwa mshindi siku ile, na ushindi haukumhusu. Alichotaka ni kushuka chini ya saa tatu kabla hajafa. Neno hilo alilisema kwa mzaha miaka kumi, mpaka mzaha ukaisha.

Huko juu, pale wakimbiaji wanapogeukia, ndipo nyumbani kwa Bwana Kipngetich na mkewe Jelagat. Kipngetich ndiye aliyekuwa akiwafunga wakimbiaji utepe mkononi, kuonyesha kwamba wamefika. Marehemu alipewa utepe, na baada yake kikombe cha mursik, maziwa ya Jelagat yaliyolala kwenye kibuyu. Wawili hao wakawa ndugu. Mwaka 1992, nyumba zilipochomwa mpakani katika vurugu za uchaguzi kati yetu na Wanandi, na mbio zikafutwa, marehemu alipanda peke yake siku ile ile ya mbio. Alimkuta Kipngetich amesimama langoni na utepe. Wapo hapa waliomwita msaliti kwa sababu hiyo. Aliwajibu kwamba njia ya mlimani haina chama.

Mwaka 1995 alianza kuishiwa na pumzi akipanda hata ngazi za darasa lake, na miguu ikawa inavimba jioni. Daktari mjini Kakamega alimpima akamwambia moyo wake umepanuka. Alipewa dawa na akakatazwa kukimbia. Dawa alikunywa kwa uaminifu. Siri aliyomficha Selpher ni kwamba kila alfajiri, akisema anawahi karakana, alikuwa akipita msituni kwanza. Alipogundua, mkewe alilia na kumsihi. Alimwahidi kwamba atakimbia mara moja tu, apate muda wake, kisha viatu ampe Elvis. Mimi pia nilimwonya, kwa maneno makali kuliko ya Selpher. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mbio za mwisho zilikuwa Jumamosi tarehe 27 Desemba 1997. Mvua zile za ajabu mnazikumbuka, njia yote ilikuwa tope. Hata hivyo alifika juu akiwa mbele ya muda wake wa 1986. Mwalimu Were, aliyeshika saa kule juu, amenithibitishia. Lakini Kipngetich hakuangalia saa, aliangalia midomo ya rafiki yake na kuona imegeuka rangi. Alimshika mkono.

"Shikanga, keti chini," alimwambia. "Huu mlima haunanga haraka. Mwaka ujao utaupata hapa tu."

"Nikikaa sitaamka," marehemu akajibu. "Nipe maziwa, niende."

Alikunywa amesimama, akageuka. Kipngetich hakuridhika. Alimwachia Were tepe zote akamfuata kwa nyuma, na huko chini, karibu na kivuko cha mto, alimkuta ameanguka kando ya njia, mkono kifuani. Alimbeba mgongoni kutoka pale hadi Shinyalu. Ni mtu wa miaka hamsini na sita. Aliingia sokoni na tope hadi kiunoni, na watu waliokuwa wakingoja kupiga makofi wakampisha njia.

Marehemu alilazwa hospitali mjini Kakamega. Madaktari walitwambia moyo umeshindwa na maji yamejaa kwenye mapafu. Siku ya tatu alifungua macho akaniuliza amemaliza kwa muda gani. Nilitamani nimdanganye. Nilimwambia hakumaliza. Aligeukia ukutani, na tangu hapo hakuuliza tena habari za mbio. Aliniagiza tu nimsalimie Kipngetich. Alifariki Jumatano tarehe 14 Januari 1998, asubuhi, Selpher akiwa amemshika mguu.

Sasa nafika pale nilipoombwa niruke. Kabla hata hatujachagua jeneza, maneno yalianza: kwamba ndugu yetu alikunywa maziwa kwa Mnandi akaanguka, kwa hiyo maziwa ndiyo yaliyomuua. Jumapili Kipngetich na Jelagat walikuja matanga. Walitembea kutoka mlimani na unga, na kibuyu cha mursik kwa ajili ya mjane. Vijana wa ukoo huu waliwazuia langoni, wakakinyakua kile kibuyu na kumwaga maziwa chini. Mmoja alisema, "Hii ndio ilimuua." Kipngetich aliokota kibuyu, akamshika mkewe mkono, wakarudi walikotoka. Mimi nilitoka jikoni nikakuta mbwa wanaramba udongo. Katika msiba huu wote, hilo ndilo lililoniliza kuliko yote.

Nasema mbele ya mwili huu: Sylvanus hakulishwa sumu, wala hakurogwa. Ripoti ya hospitali ninayo, na atakaye aisome. Wenzake waliokunywa kibuyu kile kile siku ile wako hapa, wamekula mchana na watakula jioni. Aliuawa na moyo mgonjwa na kichwa kigumu, na vyote viwili alivirithi nyumbani kwetu.

Lakini ukoo una desturi zake, na safari hii desturi ilitushika shati. Kwetu, mtu akiangushwa njiani hazikwi mpaka watu waende pale alipoanguka wamwite, ili asibaki huko akizurura. Jumanne wazee walikaa kupanga safari hiyo, na Mzee Wanyonyi, aliyeoa shangazi yetu, akauliza swali jepesi: ni nani anayejua mahali penyewe? Anayejua alikuwa mmoja, na tulikuwa tumemfukuza. Ilibidi wazee watatu wapande mlima kwenda kumwomba. Wameniambia waliandaa maneno mengi ya kuomba radhi njia nzima, na kwamba Kipngetich hakungoja wayamalize. Alivaa koti lake.

Jumatano tulikwenda. Vijana wale wale walitembea nyuma. Kipngetich alituonyesha mzizi ambao marehemu alikuwa ameuegemea. Wazee waliita, na mimi niliita. Ndipo Kipngetich akaomba ruhusa, akaweka mkono kwenye mzizi ule na kuita kwa lugha yetu, aliyojifunza kwa marehemu, "Shikanga, khutsie ingo." Alimwambia ndugu yake waende nyumbani. Akatangulia mbele yetu hadi hapa, bila kugeuka nyuma, kama inavyotakiwa. Langoni alisimama, kwa sababu mara ya mwisho aliishia pale. Selpher alikwenda akamshika mkono akamwingiza.

Marehemu ameacha mjane, Selpher Naliaka. Watoto Milcah, Elvis na Tevin. Dada wawili, Muhonja na Khasandi. Wapwa na wajukuu wa ukoo. Na ndugu mmoja, Kipngetich wa mlimani. Mpiga chapa aliniuliza kama jina hilo limeandikwa kwa makosa. Halijaandikwa kwa makosa.

Wanawe wakishatia udongo, atakayefuata ni yeye, kabla yangu na kabla ya wazee. Asiyeweza kulitazama hilo anaweza kuondoka sasa, jeneza bado liko juu.

Pumzika, mdogo wangu. Mungu akupe amani uliyoikimbilia, na huko usiulize saa.