Kikohozi cha Zimwi

Fundi cherehani alijifanya anatazama nje ya treni, kumbe masikio yote yalikuwa kwa muuguzi aliyekuwa akimsimulia shoga yake, kiti cha mbele.

"Kwenye mchezo wetu wa kusimuliana hadithi mezani pale nyumbani, mimi ndiye mtunga mazimwi. La juzi nililipachika kikohozi cha mama mkwe, kile cha kabla ya kufoka. Mara akavuta kiti, eti naye acheze!"

"Makubwa! Akajijua?"

"Nilikohoa vilevile mbele yake. Akacheka mpaka machozi: 'Mwanangu, huyu ni wifi yangu kabisa!' Nimepona, shoga."

"Na huyo wifi akisikia?"

"Kesho anamleta."

Treni ikasimama. Fundi, naye mama mkwe wa wawili, akainuka kuwaomba njia. Koo likamwasha. Akakimeza kikohozi, akapita.