Rigobert Mwepu Kisimba, Mcheza Soul wa Saint-Gilles (1971–2016)

Tonton Rigobert alizaliwa Likasi, Katanga, tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa tano na wa mwisho wa Papa Tharcisse Kisimba na Maman Marie-Claire Ngoie, ambao wote wawili wametangulia. Kaka yake mkubwa, Papa Onésime, ndiye baba ya huyu anayewasomea. Kwa hiyo nikimtaja vibaya leo, nimepewa ruhusa. Nusu ya ruhusa.

Alisoma Likasi hadi akapata diplome d'État, cheti cha kumaliza sekondari, Julai 1990, kwa asilimia hamsini na mbili. Mama yake alimmwagia kopo zima la poda kichwani katikati ya barabara, kama tunavyofanya mtu akifaulu au akizaa. Asilimia zilikuwa chache, poda ilikuwa nyingi.

Mwaka 2001 Papa Onésime alimwita Brussels asome uhasibu. Alisoma mwaka mmoja na miezi minne, muda ambao katika familia yetu si haba. Kisha akapata kazi ya kusukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini, kule Jette, akaifanya miaka kumi na mmoja. Wagonjwa walimuulizia kwa jina, maana alikata kona za korido akiimba.

Kazini alikutana na Trevor, Mwingereza mtengeneza lifti. Februari 2003 Trevor alimwalika Jumapili alasiri kwenye ukumbi ulio juu ya mkahawa mmoja, mtaani Saint-Gilles. Tonton alifungua mlango, akaona sakafu imenyunyiziwa poda nyeupe. Akauliza kwa furaha: «Bon, nani amezala hapa?»

Hakuna aliyezaa. Ilikuwa Northern Soul. Zamani vijana wa viwandani, kaskazini mwa Uingereza, walipenda sahani ndogo za muziki za waimbaji weusi wa Amerika ambao kwao hata hawakusikika. Walizicheza, wakazunguka, wakaruka, na poda ni ya kuteleza. Wazungu arobaini walikuwa humo, jasho na machozi, kwa muziki wa weusi. Mweusi alikuwa mmoja tu, tena yeye ndiye mgeni. Baada ya mwezi mmoja walikuwa wanamfuata yeye.

Alivaa kama wao: viatu vya soli ya ngozi, beji zilizoshonwa kwenye begi, shati la pili la kubadilisha, na suruali, patalo kwetu, pana kama pazia. Chaussée de Wavre, barabara ya Wakongo wa Brussels, ambako watu wanajua kuvaa, walimsimamisha. «Tonton, hii patalo ni ya bantu wangapi?» Alijibu: «Ba mbili. Mwenzangu anakuya.»

Mwenzake alikuja kweli. Maman Kasoki Yolande, wa Butembo, alikuwa anatunza makoti kwenye ukumbi ule, na alimgombeza kwa kujaza poda kwenye makoti ya watu. Walifunga ndoa tarehe 17 Juni 2006. Siku hiyo bwana harusi aliruka, akatua chini miguu imepanuka, na patalo ikapasuka mbele ya wanakwaya wote wa kanisa. Sisi watoto tulishangilia. Papa Onésime alisimama. «Nilikuletaka Ulaya juu ya hii?» Akachukua koti, akatoka.

Tangu hapo waliongea kwenye ubatizo na msiba tu. Lakini kila mwezi, miaka kumi, tonton alimpigia simu kaka yake mkubwa, yaya kwetu: «Yaya, kuya Jumapili. Mara moja tu, unione.» Jibu lilikuwa moja: «Mi niko na kanisa.» Ukumbi ulifunguliwa saa tisa alasiri. Misa ilikwisha saa sita. Sote tulijua hesabu hiyo, na uhasibu hatukusoma.

Mwaka 2014 moyo wake uligundulika kuwa umepanuka. Madaktari wa hospitali ya Woluwe walimkataza kazi nzito na kuruka. Aliacha kazi, lakini Jumapili aliendelea kwenda, akikaa kwenye kiti karibu na mashine ya sahani, kidole tu kikicheza. Simu kwa kaka yake hakuacha.

Tarehe 9 Oktoba 2016 mlango wa ukumbi ulifunguka, akaingia Papa Onésime na koti lake la kanisa. Muziki haukusimama. Alimtafuta ndugu yake kati ya wachezaji, hakumwona, mpaka akamkuta kwenye kiti. Alisema: «Nimefika. Cheza, nione.»

«Yaya, umechelewa. Mi siwezi tena,» tonton akamjibu. «Cheza weye.»

Nilidhani Papa Onésime atatoka. Alivua koti, akampa Maman Kasoki, akaingia kwenye poda na miaka yake hamsini na nane. Hakuzijua hatua. Alicheza rumba ya Likasi ya ujana wao juu ya ngoma ya haraka mara mbili, akaanguka, akainuka, akaendelea. Tonton alicheka mpaka akashika kifua, na Maman Kasoki akawagombeza wote wawili.

Tonton alifariki Alhamisi, tarehe 3 Novemba 2016, saa tano asubuhi, Woluwe-Saint-Lambert, mkono wake ukiwa katika mkono wa kaka yake.

Ameacha mjane, Maman Kasoki. Mabinti wawili, Anaïs na Mignonne. Trevor na watu wa Jumapili. Sisi watoto wa ndugu. Na yaya wake Onésime, ambaye goti linamuuma na hataki kuulizwa kwa nini.

Amani ya Mungu imlaze, tonton wetu. Ile ya kaka yake alikwisha kuipata.