Jogoo wa Nadhiri

Basi dogo lilipanda mlima kuelekea monasteri ya kale. Bibi Arusyak, kiti cha nyuma, alitega sikio. Mbele yake mama mmoja alikuwa amempakata jogoo.

"Wa nadhiri?" mzee aliyeketi kando ya mama huyo akauliza.

"Ndiyo, baba. Mwanangu amepona."

"Mungu ashukuriwe. Na chumvi ya padri kubariki, jogoo alambishwe kabla ya kuchinjwa?"

Mama akapekua kikapu mara mbili. "Nimeisahau mezani."

"Basi jogoo umemleta matembezi."

"Usinicheke, baba. Niliahidi ni leo. Bila chumvi, nadhiri haijatimia."

Mzee akafungua kitambaa cha chakula chake, akatoa kijikaratasi cha chumvi. "Shika hii."

"Lazima itoke nyumbani kwangu. Mama mkwe husema hivyo."

"Mungu atauliza chumvi ni ya nani?"

"Mama mkwe atauliza."

"Huyo simwezi," mzee akasema, akamwekea kiganjani hata hivyo.

Basi likasimama langoni. Mama akashuka, jogoo kwapani, chumvi ameifumbata ngumini, bado hajaamua kama ataitumia. Arusyak akamwona mzee akimenya yai lake, akalila hivyo hivyo, bila chumvi.