Mwana wa Nani

Ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na moja Julai 1912, saa kumi za alasiri, Mzee Uledi alipoinama kuengua mafuta ya mawese chunguni, akakaa chini kama mtu aliyekumbuka jambo, asiinuke tena. Ilipofika magharibi, maiti ilikuwa ndani imefunikwa shuka, ikingoja maziko ya asubuhi. Nje, kwenye gogo la mchikichi lililoegemea ukuta wa nyumba yake, wazee wa kijiwe walikaa palepale walipokaa kila siku, ila nafasi ya mwenye nyumba waliiacha wazi. Mwanvua, mjukuu aliyelelewa na mzee huyo tangu malale yalipomchukua bibi yake na kisha mama yake, aliwatilia kahawa. Kila tone lililoanguka chini alilifuta kwa ncha ya kaniki.

— Jana tu, alisema Asmani, mvuvi mwembamba waliyemwita Mgebuka, kama samaki yule wa ziwani. Jana tu amekaa hapa, akaniambia samaki yangu iko inanuka.

— Ilikuwa inanuka, alisema Feruzi.

— Ilikuwa inanuka, ndiyo. Lakini mbele ya wateja?

Feruzi alikuwa fundi wa nguo. Aliwahi kumshonea askari mmoja wa boma la Usumbura kifungo, na tangu siku hiyo kijiwe kikamwita Bwana Boma.

— Kanzu yangu ya Idi aliitazama mara moja, alisema. "Feruzi, mkono mmoja ni wa mtu mwingine."

Wakacheka, kisha wakakumbuka kilicholala nyuma ya ukuta, kicheko kikawakatikia mdomoni.

— Weye unasema kanzu, alisema Radjabu, mpagazi wa zamani, jina lake la kijiweni Tabora. Daktari Mdachi alipokuja kutupapasa shingo kutafuta malale, si sote tulinywea? Muzee akamwambia, "Mkono wako umeshika shingo za pwani nzima. Nawa kwanza." Mkalimani akakataa kusema maneno hayo.

— Sasa muzee akafanyaje? aliuliza Feruzi.

— Muzee akaonyesha mtungi kwa kidole. Mdachi akanawa!

— Na kazi, alisema Asmani taratibu. Miye sijamwona amekaa kabla jua halijachoka. Anakanyaga chikichi, anachemsha, anaengua. Na mafuta yakiungua, anamwambia mnunuzi mwenyewe, "Haya mabaya, nenda kwa jirani."

— Jirani ni mimi, alisema Radjabu. Mungu amrehemu.

Hapo ndipo alipofika Mwalimu Ramazani, aliyehamia Rumonge kutoka Ujiji mwezi ule ule.

— Makiwa, jamaa.

— Yamepita, mwalimu. Karibu.

— Sikai. Nina neno moja tu. Kesho nikimsomea talkini kaburini, kumkumbusha atakayowajibu malaika, nitamwita kwa jina la mama yake, ndiyo desturi. Mama yake aliitwa nani?

Kikombe cha Asmani kilisimama njiani. Radjabu akamtazama Feruzi, naye Feruzi akautazama ukuta kana kwamba maiti ingemnong'oneza.

— Mwasiti, alisema Asmani. Alikuwa Mmanyema, alivuka ziwa.

— Mmanyema wapi? alisema Feruzi. Yule mama alikuwa mtu wa milimani, wa nyumba ya mwami kabisa, mfalme wao. Hamkuona muzee anavyosimama? Mama yake alitoroka usiku, ng'ombe arobaini nyuma yake.

— Ng'ombe nao wametoroka? alisema Radjabu. Sikilizeni. Huyu aliokotwa ufukweni Kabonga, ndani ya mtumbwi mtupu, tayari ana meno. Wavuvi wakamuuliza, "Wewe mutoto wa nani?" Akawaambia, "Mtumbwi wenu unavuja."

Mwalimu hakucheka.

— Mmekaa naye miaka mingapi?

Asmani alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

— Basi. Mama asipojulikana, tunasema mwana wa Hawa, mama wa watu wote.

— Mwana wa Hawa ni maiti ya kuokotwa njiani, mwalimu! Feruzi alisimama. Huyu iko na watu. Asubuhi utapewa jina.

Mwalimu alipoondoka, Feruzi akaketi, akashusha sauti.

— Mama yake tumwite Mariyamu. Jina zuri. Nani atajua?

— Mariyamu, alisema Radjabu.

Asmani naye akaitikia kwa kichwa.

Mwanvua aliinamisha dele la kahawa, halikutoa kitu. Alijua jino lililomsumbua babu yake, na upande aliolalia. Jina lile hakulijua. Na angeuliza, angeambiwa! Babu alijibu kila alichoulizwa, hata ambacho mtu alitamani asingekiuliza. Hakuna aliyemuuliza hilo, wala yeye. Sasa watu hawa waliompenda wangemwekea uongo juu ya kaburi, yeye ambaye hata mafuta yake hakuyatia maji. Alitaka kusema, akaanza kukusanya vikombe. Wazee wakaaga, "Lala salama, mwanangu," akaitikia.

Asubuhi ya Ijumaa jeneza lilikuwa tayari mlangoni. Feruzi alikwisha kufungua mdomo amwambie mwalimu, Mwanvua alipotoka katikati ya wanawake, akasimama mbele ya wanaume wote.

— Mwalimu, jina la mama yake hatulijui. Watakalokupa wamelichagua jana. Mwite mwana wa Hawa. Babu akiitwa kwa jina la uongo, atawakatalia malaika wenyewe.

Feruzi alitazama viatu vyake. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, na wazee wakainama kushika miti ya jeneza. Lakini Mwanvua hakuondoka njiani. Alimgeukia wa kwanza, Asmani, ambaye bega lake lilikuwa tayari chini ya mti.

— Na wewe, babu Asmani, mama yako aliitwa nani?

Yule mvuvi alifumba macho.

— Aliitwa Sikuzani, alisema.

Mwanvua akalirudia jina hilo kwa sauti, kisha akamgeukia Feruzi.