Kaza Buti, Mteremko wa Ilemba

Kijiwe changu kipo mtaa wa Katandala, pale uchochoro unapotokea barabarani, na benchi lake nimelipiga kwa mbao za kitanda ambacho mke wangu alikikataa. Mimi nachemsha kahawa, wateja wangu wanachemsha maneno, na kikombe kimoja mtu anakaa nacho mpaka kinaota ukungu. Asubuhi hiyo baridi ya Ufipa ilikuwa ya kung'ata, na ukungu wenyewe umeshuka hadi kwenye paa la duka la ng'ambo ya barabara. Niseme mapema: mimi siamini mambo ya ajabu ajabu. Naamini jiko likiwaka na mteja akilipa.

Benchini walikuwepo watatu. Polikarp, fundi baiskeli tunayemwita Spana. Bundala wa bodaboda. Na Mzee Isdori, ambaye tumempa jina la Mwanasheria kwa sababu kila jambo ana methali yake, na kila methali anaipiga pembeni. Kabla hatujamuona mtu, tukasikia tak, tak, tak kwenye saruji. Akatokea Tadei, kijana wa mtaa wa Malangali, anakokota baiskeli yake ya gia.

Tadei: Shikamoo mzee.

Mwanasheria: Marahaba. Umefunga kwato, mwanangu?

Tadei: Viatu vya baiskeli hivi, mzee. Chini vina kichuma.

Spana: Mimi ndiye nilimfungia pedali zake. Zinaitwa za kunasa. Kile kichuma kinaingia kwenye pedali, kinang'ata, mguu na baiskeli vinakuwa kitu kimoja. Ukitaka kutoka unapeleka kisigino nje. Ukivuta juu, hutoki.

Bundala: Sasa mbona sura imekunjamana, mshikaji? Leo si ndiyo mnashuka mteremko wa Ilemba, mpaka bondeni, na wale jamaa wa baiskeli wa Mbeya?

Tadei: Leo. Wananipitia hapa hapa. Wamesema nikishuka nao salama, wananichukua kwenye timu. Nisiposhuka, basi. Ila nyie watu, mimi naogopa.

Alilisema hilo bila aibu, na kijana akikiri woga kijiweni ujue limemfika. Nikamjazia kikombe. Akakishika kwa mikono miwili.

Tadei: Jumamosi iliyopita nilienda kufanya mazoezi. Peke yangu. Viatu nilivijaribu hapa asubuhi, na soksi mbili, vikanikaa vizuri kabisa. Nimeanza kuteremka, vikaanza kunibana. Kila kona vinabana zaidi. Halafu nikasikia mtu nyuma yangu anasema, "Kaza buti."

Bundala: Mtu gani?

Tadei: Nikadhani mwenzetu anaendesha. Nikasimama, nikakaza kamba. Nikaendelea. Akasema tena, karibu zaidi, "Kaza buti." Nikakaza tena.

Spana: We bwana! Ukiambiwa kaza buti ndiyo unakaza buti? Si maana yake ujikaze tu!

Tadei: Kule hukumbuki misemo, bro. Mara ya tatu alisemea hapa, sikioni. Nikataka kushusha mguu, mguu ukagoma. Nikavuta, ukagoma. Nikaanguka na baiskeli. Bahati yangu nililalia upande wa mtaro. Upande wa pili ni shimo. Nikakaa pale nimezubaa, na nilipogeuka, barabarani kulikuwa na alama za matairi yangu tu.

Mwanasheria akavuta koti lake.

Bundala: Mimi nina jibu. Bondeni kuna joto, huku juu baridi. Ulijaribu viatu asubuhi, mguu umesinyaa, na soksi mbili juu. Ukishuka kwenye joto mguu unavimba. Kiatu hakikubana, wewe ndiye ulinenepa. Viatu hujaribiwa jioni, umeshatembea, vidole vinacheza mbele.

Spana: Hapo Bundala amenena. Na mimi nina kosa langu. Zile pedali zina springi, nilizikaza mpaka mwisho. Barabara zetu unazijua, kitu ukikiacha kimelegea umeshakipoteza.

Tadei: Ulikaza mpaka mwisho? Mimi ndiyo kwanza najifunza!

Spana: Nisamehe, mdogo wangu. Lete hapa.

Akainama, akalegeza. Akamwambia Tadei ashike ukuta wangu, anase, apeleke kisigino nje. Tak, mguu ukatoka. Akarudia, tak, ukatoka laini. Tadei akavua na soksi moja kwa kila mguu, akacheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Mambo yangeishia hapo kama kijiwe changu kingekuwa na watu wa kuridhika.

Mwanasheria: Na sauti?

Bundala: Upepo, mzee.

Mwanasheria: Upepo haujui Kiswahili. Asiyekuwepo na lake halipo. Mtu hakuwepo, basi na sauti haikuwepo.

Spana: Hiyo methali ni ya mgao, mzee!

Mwanasheria: Nyamaza. Mji huu unaitwaje? Sumbawanga. Kwa Kifipa, tupa uchawi. Haya, waliotupa walitupia wapi? Jikoni kwao? Mtu akitupa kitu anakitupia kwenye mteremko! Kimejaa kule chini miaka yote, kinasubiri mtu asiyeweza kushusha mguu.

Bundala: Hapana. Mimi naona viatu. Ni vya mtumba. Vilikuwa na mwenyewe, hajulikani yuko wapi. Viatu vimetangulia, yeye anavifuata peku. Unadhani atakwambia nini? Atakwambia ukaze, visije vikadondoka kabla hajafika.

Nikamwambia Bundala akome, ananifukuzia wateja. Mkono wangu ulikuwa umesimama vinyweleo, lakini hiyo ilikuwa baridi.

Spana alikuwa anapangusa spana yake. Ndipo akasema lake, na la kwake ndilo lililonichoma.

Spana: Jumamosi ile Tadei alipoondoka hapa, tulimwambia nini?

Akatunyooshea ile spana, mmoja mmoja.

Spana: Tulimpigia kelele wote. Mimi, Bundala, mzee, na wewe mwenye kahawa. Kaza buti, kaza buti. Sasa neno ulilomtupia mtu, umeliambia lirudi? Lilimfuata. Limeshuka naye mpaka kule.

Nilitaka kumcheka, kicheko kikakataa. Ni kweli nilisema, tena nilisema kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa kumpenda.

Tadei: Basi jamani. Springi imelegea, soksi ni moja, mguu unatoka. Mimi nashuka.

Nikafurahi. Nikamwambia kahawa ile ni ya bure. Wakati huohuo akasimama mama mmoja mbele ya jiko, na kikapu kitupu mkononi, amejifunga kitenge kichwani. Akamwamkia mzee, akajitambulisha: yeye ni Fransiska, wa Ilemba, jana alipandisha mchele sokoni na sasa anatafuta gari la kurudi. Nikampa kikombe. Hakukinywa. Alikuwa anatazama miguu ya Tadei.

Fransiska: Kaka, si wewe uliyeanguka kwenye kona, Jumamosi ile?

Tadei: Ni mimi, mama. Kumbe uliniona?

Fransiska: Tulikuwa shambani, juu ya kona. Pole sana.

Tadei: Asante. Mbona hamkuja kunisaidia?

Fransiska: Tungekuja, ila tulimuona mwenzako. Alikuwa amekuinamia, ameshika kiatu chako kwa mikono miwili. Tukasema anamfungua, watamalizana wenyewe.

Spana akaiweka spana chini taratibu, isitoe mlio.

Fransiska: Ni mtu mpole yule. Jana nilipopanda na mchele nimemkuta palepale, amekaa kando ya barabara. Amekuulizia. Na mimi ndiyo nashuka sasa hivi. Nimwambie unakuja?

Swali lenyewe ni dogo, mtoto angelijibu. Nikamtazama Mwanasheria, yeye anatazama miguu yake mwenyewe. Bundala alikuwa anahesabu vidole vyake. Kwenye ukungu kengele za baiskeli zikaanza kulia, na sauti za vijana wa Mbeya zikamwita Tadei kwa jina, wanacheka. Fransiska alisubiri kwa adabu, kama anayesubiri chenji.

Tadei akakaa benchini, akafungua kamba za kiatu cha kushoto, kisha cha kulia. Akavisukuma mbali, akapandisha miguu yote juu ya benchi na kuikumbatia. Mzee naye akapandisha yake. Kahawa ikachemka, ikafurika, ikazima moto, nami nimekaa nao benchini, miguu yangu juu.